Kuingiza Timu Ligini kutoka Olkaria: Maswali na Majibu ya Marudio

Maswali haya ni ya mwanafunzi wa somo la michezo anayejiandaa kwa mtihani, na pia ni ya katibu wa timu ya mtaa ambaye hana mtihani wowote ila Jumapili ijayo ana mechi. Mifano imetoka Olkaria, penye mitambo ya umeme wa mvuke kando ya Ziwa Naivasha, kwa sababu huko mambo yote yanayoisumbua timu ya ridhaa yanakutana pahali pamoja: kazi za zamu, umbali, mlima, vumbi na mfuko mtupu. Alama zilizo kwenye mabano zinakuonyesha swali linataka jibu refu kiasi gani.

Swali la 1. Mchezaji wa ridhaa ni nani? (alama 2)

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na klabu, na ambaye malipo yake yanazidi gharama anazoingia kwa ajili ya kucheza. Wengine wote ni wa ridhaa. Fundi wa mabomba ya mvuke anayerudishiwa nauli na kupewa chai baada ya mechi ni wa ridhaa. Anayepewa bahasha kila mwezi bila mkataba wowote, naye pia, kwa kanuni, ni wa ridhaa. Masharti ni mawili na yote mawili lazima yatimie.

Kosa la kawaida: kuandika kwamba mchezaji wa ridhaa ni yule ambaye kiwango chake ni cha chini. Kiwango hakimo katika kanuni hiyo hata kidogo.

Swali la 2. Taja ngazi za ligi za soka za wanaume nchini Kenya kuanzia chini. (alama 7)

Ligi ya kaunti ndogo, ligi ya kaunti, ligi ya kanda, Divisheni ya Pili, Divisheni ya Kwanza, Ligi ya Taifa ya Supa, kisha Ligi Kuu. Timu mpya ya Olkaria huanzia chini, chini ya tawi la Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, katika Kaunti ya Nakuru. Wadi ya Olkaria iko katika eneo la Naivasha, kwa hiyo majirani wa kwanza utakaopambana nao ni wa huko huko Naivasha.

Usikariri tu majina. Mtahini anaweza kukuuliza timu inayotaka kufika ligi ya kanda inapitia wapi, na jibu ni kwamba hakuna mlango wa pembeni.

Swali la 3. Je, eneo hili limewahi kutoa bingwa wa taifa? Fafanua. (alama 4)

Ndiyo. Oserian Fastac, timu iliyotokana na shamba la maua la Oserian lililopakana na Olkaria, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2001 na tena 2002. Shamba lenyewe baadaye lilipasha joto grinihausi zake kwa mvuke wa kisima cha Olkaria. Naivasha ikatoa pia Karuturi Sports, iliyojulikana zamani kama Sher Agencies, nayo ikacheza Ligi Kuu. Ukitaka kurudi nyuma zaidi katika kaunti hiyo hiyo, Nakuru AllStars ndiyo iliyobeba ligi ya kwanza ya taifa mwaka 1963, na ikabeba tena 1969.

Ninawaomba wanafunzi wasiishie hapo. Oserian Fastac haimo tena ligini, na Karuturi vilevile. Timu zilizobebwa na shamba moja zilisimama kwa mguu mmoja. Unapoandaa katiba ya klabu yako, swali linalofuata, kumbuka mashabiki waliowashangilia mabingwa hao, na uliza ni nani leo anayezo jezi zile.

Swali la 4. Timu ina jezi, mipira miwili na vijana kumi na wanane. Je, ni klabu? (alama 6)

Bado. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, kifungu cha 46, inakataza chombo chochote kuendesha shughuli kama shirika la michezo bila kusajiliwa na Msajili wa Michezo. Ombi huambatana na katiba, na katiba hiyo lazima ijibu mambo ambayo vijana hawapendi kuyazungumza wakati bado wanapendana: nani anachaguliwa, kwa muda gani, nani anatia saini benki, mali inakwenda wapi timu ikivunjika, na mgogoro unasuluhishwa vipi.

Vikundi vingi huenda kwanza kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii na kupata cheti cha kikundi. Cheti hicho kinasaidia kufungua akaunti na kuomba misaada, lakini hakigeuzi kikundi kuwa klabu ya michezo. Hapa wanafunzi wengi huanguka.

Nimewahi kuwa mweka hazina wa timu ambayo katiba yake ilinakiliwa kutoka ya kikundi cha kuku. Tulicheka siku ile. Mwaka uliofuata, nahodha alipohamia Nakuru mjini na mipira na jezi za ugenini, hatukuwa na kipengele hata kimoja cha kumwomba azirudishe.

Swali la 5. Eleza umuhimu wa daftari la wachezaji. (alama 5)

Daftari hubeba jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa, namba ya usajili, klabu aliyotoka, na simu ya mtu wa kupigiwa akiumia. FKF husajili wachezaji kwa mfumo wa FIFA Connect unaompa kila mchezaji namba yake moja, kwa hiyo ujanja wa zamani wa kucheza timu mbili kwa majina mawili unazidi kuwa mgumu. Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu katika msimu mmoja, na kwa kawaida kucheza mechi rasmi za klabu mbili tu kati ya hizo.

Olkaria ni mahali pa wageni. Mtu anakuja kwa mkataba wa miezi sita wa kuchimba kisima, ana mguu wa kushoto mtamu, na tayari amesajiliwa Kakamega au Kisii. Muulize mapema. Ukimchezesha kabla hajaachiwa na klabu yake, pointi mtakazoshinda naye ndizo mtakazonyang'anywa.

Swali la 6. Wachezaji wa timu fulani wanafanya kazi za zamu. Kokotoa idadi ya wachezaji inayofaa kusajiliwa na ueleze sababu. (alama 10)

Hili ndilo swali la Olkaria, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa mwaka 1981, na tangu hapo mvuke haujui Jumapili. Siku hugawanywa mara tatu, saa nane nane. Tuseme timu nzima ni ya wafanyakazi wa zamu, na siku yoyote ile theluthi moja yao wako kazini wakati wa mechi. Ukisajili watu 18, sita wako kazini na wanabaki 12. Mmoja ana kadi nyekundu, mwingine kifundo kimevimba. Umebaki na kumi, na bado hujafika uwanjani.

Geuza hesabu. Unahitaji watu 18 siku ya mechi, yaani 11 wa kuanza na 7 wa benchi. Hao 18 ni theluthi mbili ya kikosi. Gawa 18 kwa 2, utapata 9. Zidisha kwa 3, utapata 27. Sajili 27, mradi kanuni za ligi yako haziweki kikomo cha chini ya hapo.

Alama sita ziko kwenye hesabu. Nne zilizobaki ziko kwenye mambo ambayo hesabu haionyeshi. Theluthi haigawanyiki sawa: makipa wote wawili wanaweza kuwa zamu moja, na ndiyo maana kipa wa tatu anafaa kutoka nje ya mtambo, mwalimu au muuza duka wa Kamere. Tena, aliyetoka zamu ya usiku asubuhi hiyo hayupo kazini, lakini hajalala. Kumpanga dakika 90 ni kumwumiza. Katika daftari lako ongeza safu moja tu, ya zamu, na ratiba ya ligi ikitoka tu, kaeni nayo na ratiba ya kazi mezani, mkabadilishane zamu wiki tatu kabla. Msimamizi anayeombwa mapema husaidia. Anayeombwa Jumamosi jioni hukasirika, na ana haki.

Swali la 7. Uwanja na mpira katika mwinuko. (alama 6)

Sheria za soka zinataka uwanja wa urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Goli ni mita 7.32 kwa 2.44. Mzunguko wa mpira ni sentimita 68 hadi 70, uzito gramu 410 hadi 450, na hewa ya ndani ni kati ya 0.6 na 1.1 ya kanieneo ya angahewa kwenye usawa wa bahari.

Maneno hayo ya mwisho ni yako wewe uliye Olkaria. Uko takriban mita 2,000 juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama nne kwa tano ya ile ya Mombasa. Mpira uliojazwa pwani ukapandishwa huku unakuwa mgumu zaidi bila mtu kuugusa pampu. Hewa ikiwa nyepesi, mpira huenda mbali zaidi na haupindi sana kama kawaida ukipigwa kwa mkunjo. Kipa mgeni kutoka bondeni huweza kuruka akiwa amechelewa. Wenyeji wa huku wanalijua hilo miguuni hata kama hawajawahi kulisoma.

Kuhusu ardhi: udongo wa volkano hutoa vumbi jingi wakati wa kiangazi, na mvua za masika huchimba mifereji. Tembea uwanja mzima kabla ya kila mechi, ukitoa mawe. Jina lenyewe la Olkaria, kwa Wamaasai, ni udongo mwekundu wa kujipaka, na soksi nyeupe za ugenini zitakuthibitishia hilo.

Swali la 8. Ligi ina timu 12, nyumbani na ugenini. Tayarisha bajeti ya usafiri. (alama 8)

Kila timu hukutana na nyingine 11 mara mbili, kwa hiyo ina mechi 22, nazo 11 ni za ugenini. Ligi nzima ina mechi 132, yaani 12 mara 11.

Msafara ni wachezaji 18 na viongozi wanne, jumla watu 22. Matatu ya abiria 14 haitoshi, unahitaji mbili. Tuseme kila moja mmekubaliana shilingi 4,000 kwa siku nzima. Safari moja ni shilingi 8,000, na safari 11 ni shilingi 88,000. Ukigawa kwa wachezaji 27, kila mmoja anadaiwa shilingi 3,259 kwa msimu. Kiasi hicho kikidaiwa kwa mkupuo kinafukuza vijana. Kikigawanywa kwa wiki 22 ni kama shilingi 148. Kubalianeni shilingi 150 kwa wiki kwa M-Pesa ya timu, si ya mtu, na msimu ukiisha mtakuwa na 89,100, usafiri umelipwa na zimebaki 1,100 za kununua bendeji.

Usisahau kalenda ya nje ya soka. Mashindano ya magari ya Safari yaliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 yana kituo chake Naivasha, na tangu 2024 hufanyika Machi. Wiki hiyo barabara hujaa, magari ya kukodi hupanda bei, na vijana wako nusu watakuwa wamekaa kwenye vumbi la Hell's Gate wakitazama. Omba tawi liahirishe mechi mapema.

Swali la 9. Je, timu inaweza kufanya mazoezi ya kukimbia ndani ya Hell's Gate? (alama 2)

Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1984, ni miongoni mwa chache nchini ambako watu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Lakini ina ada na saa zake, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na ina nyati. Kimbilieni barabara ya nje.

Swali la 10. Nini hutokea timu isipofika uwanjani? (alama 3)

Waliofika hupewa ushindi wa mezani. Timu inayorudia kosa hilo huadhibiwa zaidi, hata kuondolewa ligini, kulingana na kanuni za msimu. Andika pia jambo ambalo vitabu havilisemi: wale waliokungoja walilipa matatu, waliomba ruhusa kazini, na akina mama wa uwanjani walikaanga mandazi. Mimi nimeshawahi kusimama Maiella saa tisa alasiri, jezi zimevaliwa, tukingoja timu ambayo katibu wake alizima simu. Pointi tatu tulipewa. Hakuna aliyezifurahia.

Swali la 11. Mnaamini refa amekosea. Mtafuata hatua gani? (alama 4)

Nahodha ndiye anayezungumza na refa, kwa adabu. Malalamiko huandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa kamisaa wa mechi au kwa tawi ndani ya muda uliowekwa na kanuni, pamoja na ada yake ikiwa ipo. Uamuzi wa refa kuhusu yaliyotokea mchezoni haubatilishwi kwa kelele. Mambo makubwa zaidi, kama usajili au uchaguzi wa viongozi, yakishindikana ndani ya shirikisho huweza kufika kwenye Mahakama ya Migogoro ya Michezo iliyoundwa na Sheria hiyo hiyo ya 2013.

Refa wa ligi ya kaunti ndogo mara nyingi ni mwalimu au kijana anayejifunza kazi. Mkimtukana leo, mwakani hamtakuwa na refa.

Swali la 12. Wasichana wa mashamba ya maua wanataka timu yao. Je, wasubiri ile ya wanaume ipande daraja? (alama 2)

La. Wanawake wana ngazi zao. Na wasiambiwe kwamba mlima ni mrefu mno: timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA ilikuwa ya wasichana wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, mwaka 2024 katika Jamhuri ya Dominika, na huko wakaifunga Mexico.

Swali la 13. Linganisha ligi ya timu ya soka na ile ya padel. (alama 5)

Padel ilibuniwa mwaka 1969 na Enrique Corcuera nyumbani kwake Acapulco, Mexico. Huchezwa na watu wanne, wawili kila upande, katika uwanja wa mita 20 kwa 10 uliozungukwa na kuta na waya, na mpira ukidunda chini kwanza unaweza kugonga ukuta na mchezo ukaendelea. Pointi huhesabiwa kama za tenisi, na mpira huanzishwa kwa mkono wa chini. Shirikisho lake la kimataifa lilianzishwa mwaka 1991. Nchini Kenya viwanja vyake vingi viko Nairobi.

Tofauti kubwa iko katika maana ya neno timu. Katika soka timu inashinda au kushindwa kwa pamoja. Katika ligi ya timu ya padel, klabu hutoa jozi kadhaa, kila jozi hucheza mechi yake, na mshindi ni klabu iliyoshinda mechi nyingi zaidi. Asipofika mtu mmoja, jozi nzima imekufa. Mwanasoka mmoja akikosekana, kumi wanaweza kukimbia kwa niaba yake.

Kufanana pia kupo. Zote mbili zinahitaji orodha iliyotiwa saini kabla ya mchezo, na zote mbili zinaheshimu mlima: kanuni za padel zinaruhusu mpira wa aina nyingine katika viwanja vilivyo juu ya mita 500. Kijana wa Olkaria atakayeijaribu padel siku moja atakuta somo la swali la 7 linamngoja.

Swali la 14. Mechi ni saa tisa kamili. Saa tisa kasorobo matatu ya kwanza imefika na wachezaji wanane, kipa akiwemo. Ya pili imepata pancha Kongoni. Wewe ni katibu. Utafanya nini? (alama 6)

Usimwombe refa aahirishe, na usiwaambie wanane wavue viatu. Sheria ya 3 ya soka inaruhusu timu kuanza ikiwa na wachezaji wasiopungua saba, mmoja wao kipa. Una wanane. Mnaanza.

Kabla ya hapo, chukua fomu ya mechi na uandike majina yote 18, ya waliopo na ya walio barabarani, kila jina na namba yake ya jezi na ya usajili kutoka kwenye daftari. Kanuni ikitaka majina yatolewe kabla ya kuanza, timu iliyoanza pungufu inaweza kuongezwa tu na wale ambao majina yao yalikuwa tayari kwenye fomu. Jina uliloliacha kwa sababu mwenyewe hajafika, akifika dakika ya kumi na mbili atakaa nje hadi mwisho, hata kama ndiye mfungaji wenu.

Mpe refa fomu. Mwambie kocha wanane wakae nyuma ya mpira, mabeki wanne na viungo watatu mbele yao, wasikimbize. Mpigie dereva simu, umwambie vijana wavae jezi wakiwa ndani ya gari. Watakapofika, mchezaji haingii mpaka refa atoe ishara, kwa hiyo simama nao kwenye mstari wa katikati, uwaite mmoja mmoja kwa jina.